Bingwa hapimwi kwa saini

Mwishoni mwa kila mzunguko wa wodi kuna jambo ambalo karibu kila daktari aliyesomea ubingwa hapa Tanzania analifahamu. Residenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, anamsubiri bingwa wake mlangoni, mkononi ana logibuku, daftari la kazi alizofanya. "Shikamoo Prof. Naomba unisainie, Jumatatu nahamia firmu nyingine." Firmu ni timu ya bingwa inayohudumia wodi. Prof anaitikia, anaegemea meza ya manesi, anafungua kurasa na kusaini. Kuweka mpira kifuani, saini. Kutoa maji ya uti wa mgongo, saini. Operesheni ya kidole tumbo, saini, saini, saini. Kazi ya miezi mitatu inathibitishwa kabla simu ya thieta, chumba cha upasuaji, haijaita. Hakuna aliyesema uongo: wagonjwa walikuwepo, kazi ilifanyika, majalada yapo. Ila nyingi kati ya kazi hizo zilifanyika saa nane za usiku, na mwenye saini alikuwa kwake amelala.

Naamini hapo ndipo kipimo chetu cha maendeleo ya madaktari wanaosomea ubingwa kilipolegea. Kupima tunapima sana. Residenti hufanya mitihani ya kila mwaka, huandika tasnifu, husimama mbele ya mtahini aliyetoka nje ya chuo chake. Kinachokosekana ni mtu mwenye ujuzi aliyemwona kwa macho yake akimhudumia mgonjwa, mara za kutosha, akaandika alichokiona, na akathubutu kusema "bado" pale panapostahili. Hakuna mtihani wa mwisho, hata uwe mgumu kiasi gani, unaoweza kuziba pengo hilo.

Mafunzo yenyewe yana njia mbili. Ya zamani ni ya chuo kikuu, yaani shahada ya uzamili ya tiba tunayoiita MMed, inayotolewa Muhimbili, KCMC kule Moshi, Bugando Mwanza, Chuo Kikuu cha Dodoma na kwingineko, kwa miaka mitatu au zaidi kutegemea fani. Njia ya pili ni ya vyuo vya kitaaluma vya kanda. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kilianzishwa 1999 na makao yake yako Arusha, lakini hakina madarasa wala mabweni. Mwanafunzi wake anabaki kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, anajaza logibuku ya mtandaoni iliyotengenezwa kwa ushirikiano na chuo cha madaktari wa upasuaji cha Ireland, anafanya mtihani wa uanachama baada ya miaka miwili, na wa ubingwa baada ya mingine mitatu. Madaktari wa magonjwa ya ndani walifuata na chuo chao, ECSACOP, kilichozinduliwa 2015.

Kwenye karatasi njia zote mbili zinazungumza lugha ya umahiri. Muhimbili ilianza kutumia mitaala mipya ya umahiri mwaka 2011, baada ya kazi ya miaka kadhaa pamoja na Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Mitaala ya aina hiyo inataja nini mhitimu aweze kufanya, na hilo ni jambo jema sana. Lakini mtaala ukisema "aweze kufanya" halafu kipimo kikabaki kuuliza "anajua nini", kinachoshinda siku zote ni kipimo. Residenti si mjinga. Anasoma kinachompeleka mbele.

Mwaka 1990 Mmarekani George Miller alichora piramidi ambayo walimu wa tiba duniani kote wanaitumia hadi leo. Chini kabisa ni yule anayejua. Juu yake anayejua namna ya kufanya. Kisha anayeonyesha kwamba anaweza. Kileleni ni anayefanya kweli, kazini, siku ya kawaida, amechoka, foleni ndefu na damu hakuna benki. Mtihani wa kuandika unapima ngazi mbili za chini. Mtihani wa vituo, ule wa kuzunguka vyumba kengele ikilia, uliobuniwa Dundee na Ronald Harden na kutangazwa 1975, unapima ngazi ya tatu. Ngazi ya nne haina chumba cha mtihani. Inapimwa wodini na thieta tu, tena na anayekubali kusimama pale na kutazama.

Wenye kutetea utaratibu wetu watasema mtihani wa mwisho unatumia wagonjwa halisi. Ni kweli, lakini tazama unavyokwenda. Residenti anapewa mgonjwa mmoja wa kisa kirefu, anaachwa naye karibu saa nzima kuchukua historia na kumpima, kisha watahini wanakuja na yeye anawaeleza alichokipata. Ile saa ya kukaa na mgonjwa, ambayo ndiyo udaktari wenyewe, kwa kawaida hakuna anayeitazama. Watahini wanasikiliza hadithi yake tu. Bahati nayo ina sehemu kubwa: mmoja anapata msichana mwenye valvu ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, kisa ambacho kila residenti amekikariri, mwenzake anapata mzee mwenye maradhi manne, hasikii vizuri, na dawa zake amezisahau nyumbani. Utafiti wa miongo mingi kuhusu namna madaktari wanavyofikiri umekubaliana katika jambo moja, kwamba kufanya vizuri kwa mgonjwa mmoja hakutabiri vyema utafanyaje kwa mwingine. Kumpima mtu kwa mgonjwa mmoja au watatu baada ya miaka yote hiyo ni kumwekea hatima yake kwenye kamari.

Kuna jambo jingine hapa ambalo sioni likizungumzwa. Mgonjwa wetu anaongea Kiswahili, au Kisukuma, au Kihaya. Mtihani unafanywa kwa Kiingereza. Kwa hiyo daktari anayewasilisha mgonjwa kwa Kiingereza kilichonyooka anaonekana hodari kabla hatujajua kama mgonjwa alimwelewa. Namna anavyomwambia mama, "Mtoto amechoka, mapigo yake yanashuka, inabidi tukupasue sasa hivi," na mama akaelewa, akauliza, akakubali kwa hiari yake, hilo halina alama popote. Wala namna anavyomweleza mume kwamba mkewe ana saratani ya shingo ya kizazi, na kwamba kuna matibabu, na yanaanzia wapi. Mimi nadai kwamba daktari ambaye hajawahi kutazamwa akieleza ugonjwa kwa Kiswahili hajapimwa udaktari wa Tanzania.

Niseme kwa karibu zaidi macho ya bingwa yanaona nini ambacho logibuku haiwezi kuona. Chukua operesheni ya kujifungua, upasuaji mkubwa ambao residenti wa uzazi anaufanya kuliko mwingine wowote. Mama anapasuliwa kwa mara ya tatu. Ndani kila kitu kimeshikana, kibofu cha mkojo kimepanda na kuganda juu ya mji wa mimba pale hasa kisu kinapotaka kupita. Residenti wa mwaka wa kwanza anakata kama anavyomkata mama ambaye hajawahi kupasuliwa. Wa mwaka wa tatu aliyekomaa anasimama kidogo, anashika kwa vidole, anatafuta mpaka, anakishusha kibofu taratibu au anaamua kukata juu zaidi. Mtoto anatoka, analia, kila mtu anapumua. Hapo jeraha la mji wa mimba linachanika pembeni kuelekea kwenye mshipa mkubwa wa damu, na damu inajaa. Mmoja anaanza kuchoma sindano gizani ndani ya dimbwi, na mrija wa mkojo uko sentimita chache tu kutoka hapo. Mwingine anabana kwa mkono, anamwambia daktari wa usingizi damu inapotea, anautoa mji wa mimba nje aone vizuri, anasubiri pakauke, ndipo anashona kona. Kabla ya kufunga, mmoja anamsikiliza sista akihesabu swabu, vile vitambaa vya kufyonza damu. Mwingine tayari anashona huku sista anahesabu, kwa sababu zamu inaisha.

Kwenye logibuku, usiku huo ni mstari mmoja kwa wote wawili: operesheni ya kujifungua, moja, mama na mtoto wazima. Ukikusanya mistari mia moja ya namna hiyo, umepata idadi. Hujapata daktari.

Kwamba macho ya mjuzi yanaona tofauti inayowafikia wagonjwa, hilo tuna ushahidi wake. Mwaka 2013 kule Michigan, madaktari bingwa 20 wa upasuaji wa kupunguza unene walitoa kila mmoja video ya operesheni yake. Wenzao waliitazama bila kujua ni ya nani na kuipa alama. Kisha alama zikalinganishwa na yaliyowapata wagonjwa wao. Robo ya madaktari waliopata alama za chini walikuwa na matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 14.5 ya wagonjwa, robo ya juu asilimia 5.2. Hawa wote walikuwa mabingwa tayari, wenye vyeti. Mitihani yao ya zamani haikuwatenganisha, macho ya wenzao yaliwatenganisha.

Na mahali mtu alipofundwa panamfuata miaka mingi. Utafiti wa David Asch na wenzake, uliochapishwa 2009, uliangalia karibu uzazi milioni tano katika majimbo ya New York na Florida. Akina mama waliohudumiwa na madaktari waliotoka kwenye programu dhaifu walipata matatizo makubwa kwa asilimia 13.6, na wa programu bora asilimia 10.3. Ni theluthi moja zaidi. Mtu anaposema tuwe wepesi kidogo na huyu kijana, atajifunza akiwa kazini, takwimu hizo zinaeleza nani atalipa gharama ya kujifunza kwake.

Pingamizi la kwanza nalijua, na ni la haki: mabingwa wenyewe wako wangapi? Kamisheni ya upasuaji ya jarida la Lancet ilisema mwaka 2015 kwamba nchi inahitaji angalau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000, na sisi tuko mbali mno na hapo. Bingwa mmoja ana kliniki asubuhi, thieta mchana, mihadhara, kikao cha idara, na jioni ana kliniki binafsi kwa sababu ada za watoto hazisubiri. Atatazama saa ngapi?

Jibu langu ni kwamba kutazama hakuhitaji saa nzima. Mwaka 1995 John Norcini na wenzake wa bodi ya Marekani ya magonjwa ya ndani walitangaza kipimo kifupi cha wodini: mwalimu anamtazama daktari akiwa na mgonjwa kwa robo saa hivi, anafanya jambo moja tu, kuchukua historia au kupima tumbo au kueleza matibabu, kisha wanaongea dakika tano. Alama inaandikwa palepale. Mara moja haisemi kitu. Mara nane au kumi, kwa wagonjwa tofauti na walimu tofauti, inaanza kuonyesha mtu ni nani. Bingwa aliyepita wodini tayari ameshalipa nauli ya kufika pale, robo saa ndani ya raundi inapatikana akiamua.

Raundi kubwa yenyewe tunayo, tena kila wiki. Ila tumeifanya mahali pa kuaibishana. Residenti anaulizwa mbele ya maintani (madaktari wapya walio kwenye mafunzo ya vitendo), wanafunzi na mgonjwa sababu kumi za ini kuvimba, akifika ya saba anakwama, anakemewa, raundi inasonga. Hilo si kupima na wala si kufundisha, na linaumiza zaidi kuliko tunavyokiri. Mtu aliyekemewa hivyo mara tatu hajifunzi sababu ya nane. Anajifunza kunyamaza. Usiku mgonjwa wake akizidiwa, hatampigia Prof simu.

Hapo tumefika kwenye jambo ambalo mimi ningeliweka mbele ya yote. Mwaka 2005 Olle ten Cate wa Utrecht, Uholanzi, alipendekeza kwamba badala ya kuuliza residenti amepata alama ngapi, tuulize kazi gani tunaweza kumkabidhi, na kwa usimamizi wa kiasi gani. Ngazi zake ni tano na zinaeleweka na yeyote aliyewahi kufundwa kazi. Anatazama tu. Anafanya, bingwa akiwa kando yake. Anafanya, bingwa yuko jirani na akiitwa anafika. Anafanya mwenyewe. Anasimamia wengine. Kila kazi kubwa ya fani inapewa ngazi yake: residenti anaweza kuwa ngazi ya nne kwa operesheni ya kidole tumbo na ya pili kwa utumbo uliotoboka kwa homa ya matumbo. Madaktari wa upasuaji wa Uingereza wamekuwa wakiandika kitu kinachofanana na hicho kwenye logibuku zao kwa miaka mingi, wakitenganisha operesheni ambayo mwalimu alinawa na kuingia, ambayo alikuwepo bila kunawa, na ambayo residenti alikuwa peke yake. Alama 67 haimwambii mganga mkuu wa hospitali ya mkoa chochote. "Anaweza kuachwa peke yake na mama mwenye kifafa cha mimba" inamwambia kila kitu.

Kukabidhi kazi kunategemea zaidi ya mikono. Mwaka 2008 watafiti wa Canada wakiongozwa na Tara Kennedy waliangalia jinsi mabingwa wanavyoamua nani waweze kumwacha peke yake, na wakakuta mambo manne: ujuzi, kujua mpaka wa uwezo wako, bidii ya kufuatilia, na ukweli. Ukiwauliza mabingwa wetu wakiwa kwenye chai watakutajia hayohayo kwa maneno yao. Watasema huyu akiniambia potasiamu ni 3.1 najua ameiona kwenye karatasi, yule lazima nikaangalie mwenyewe. Watasema huyu ananiita mapema, yule ananiita mgonjwa akishakata kauli. Mficha uchi hazai, na wodini anayezaa au kufa ni mtu mwingine. Maarifa hayo mabingwa wanayo, yako vichwani, na yanaongoza maamuzi yao kila usiku. Ajabu ni kwamba fomu ya tathmini ya mwisho wa mzunguko haina mahali pa kuyaweka, ina mahudhurio, nidhamu, ushirikiano, na safu ya "vizuri sana" iliyojazwa kuanzia juu hadi chini.

Wengine wenye maarifa hayo ni manesi wa zamu. Sista aliyekaa wodi ya wazazi miaka kumi na tano anajua nani akiitwa anakuja na nani anasema "nakuja" kwa simu hadi alfajiri. Anajua nani anamfunika mama kwa shuka kabla ya kumpima na nani hamfuniki. Uingereza na Marekani wanakusanya maoni ya manesi na wagonjwa kwa utaratibu rasmi. Sisi hatumuulizi sista, na akisema bila kuulizwa anaambiwa amemvunjia daktari heshima.

Sasa swali la nani aseme "bado". Mwaka 2005 watafiti wa Ottawa waliwauliza wasimamizi kwa nini wanawapitisha madaktari wanafunzi wasiostahili. Sababu walizozipata ni hizi: hawakuwa wameandika chochote cha kuonyesha, hawakujua waandike nini, waliogopa rufaa, na hawakuona kuna msaada wowote kwa atakayefelishwa. Zote nne tunazo, na tumeongeza zetu. Mwanafunzi ana mkataba na mwajiri, na hospitali yake inamsubiri kwa sababu haina bingwa hata mmoja wa fani hiyo. Serikali imelipa, kupitia ufadhili wa wizara au mpango unaobeba jina la Rais Samia wa kusomesha mabingwa na mabingwa bobezi, na inataka kuona idadi. Mwingine anajilipia, ana mke na watoto wawili, na mwaka mmoja wa nyongeza utamfilisi. Halafu ni kijana mwenye adabu, anasalimia vizuri. Basi funika kombe mwanaharamu apite.

Huruma hiyo naielewa, lakini ninaikataa. Idadi tunaihitaji kweli, na fedha inayowekwa kwenye ufadhili huo ni miongoni mwa fedha zilizotumika vizuri kuliko zote katika afya. Ndiyo sababu hasa ya kutaka kujua zimenunua nini. Bingwa anayekwenda hospitali ya mkoa anakuwa peke yake siku ya kwanza. Hana wa kumwita. Udhaifu ambao Muhimbili ungefunikwa na wenzake watano, kule hauna wa kuufunika.

Kwa mtu mmoja kusema "bado" ni mzigo mzito mno, na hapa wenzetu wametutangulia. Marekani, tangu chombo chao cha kuidhinisha mafunzo, ACGME, kilipoanzisha ngazi za maendeleo mwaka 2013, kila programu lazima iwe na kamati inayokaa mara mbili kwa mwaka kumjadili kila residenti, ngazi ya kwanza hadi ya tano, ya nne ikiwa ndiyo lengo la kuhitimu. Uingereza wana mapitio ya kila mwaka, ARCP, yaliyoanza 2007. Jopo linakaa na ushahidi wote wa mwaka mzima na kutoa tokeo lenye namba: la 1, anaendelea vizuri, la 2, kuna maeneo ya kurekebisha bila kuongeza muda, la 3, anahitaji muda zaidi, la 4, anaondolewa kwenye mafunzo, la 5, ushahidi haujatosha, la 6, amekamilisha. Ninachokipenda ni tokeo la 2 na la 3. Kati ya kufaulu na kufukuzwa kuna nafasi, na nafasi hiyo ina jina, mpango na tarehe. Kwetu nafasi hiyo ipo kwa minong'ono tu.

Sisemi tuubebe mfumo wa Uingereza mzimamzima. Madaktari wake wenyewe wanaulalamikia kwa kugeuka mlima wa fomu, mtu akimkimbiza mwalimu mwezi wa mwisho ampe ushahidi wa mwaka mzima, yaani logibuku yetu ileile iliyohamia kwenye kompyuta. Takwimu za Baraza la Madaktari la Uingereza zimeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba madaktari waliosomea nje ya nchi, na wale wenye asili ya Afrika na Asia, hupata matokeo yasiyoridhisha zaidi ya wazungu waliosomea hukohuko, jambo linalowahusu moja kwa moja Watanzania na Wakenya wanaofundwa kule. Na mwaka 2018, baada ya residenti wa magonjwa ya watoto aliyetiwa hatiani kwa kifo cha mtoto Leicester kufutwa kwenye rejista, kisha kurudishwa na Mahakama ya Rufaa mwaka huohuo, madaktari vijana wengi waliogopa kuandika makosa yao kwenye majalada ya mafunzo wakihofu yangefika mahakamani. Mtu asipokuwa salama kuandika alipokosea, jalada linajaa mapambo. Sheria zetu zimlinde residenti kwenye hilo kabla hatujamtaka aandike.

Upendeleo nao hautakosekana kwetu. Utakuwa wa chuo mtu alikotoka, wa Kiingereza chake, wa anamfahamu nani, wa mwanamke aliyepata mimba mwaka wa pili. Njia ninayoiona ya kupunguza ni wingi wa macho: walimu wengi, wagonjwa wengi, maelezo yaliyoandikwa siku ileile, na kamati inayosikiliza yote hayo badala ya bingwa mmoja mwenye kinyongo au mwenye huruma. Hospitali ndogo zinazofundisha chini ya COSECSA, kama Tenwek na Kijabe nchini Kenya, zina faida moja ambayo hospitali zetu kubwa zimeipoteza: residenti na mwalimu wanaingia thieta pamoja karibu kila siku kwa miaka. Muhimbili haiwezi kuwa Tenwek, lakini inaweza kumpa kila residenti mwalimu mmoja anayemfuata tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho hata akibadili firmu.

Ningeanza na fani moja, na ningeanza na uzazi, kwa sababu hapo ndipo kosa linaua wawili kwa usiku mmoja. Kazi kumi tu zichaguliwe: operesheni ya kujifungua kwa mama aliyewahi kupasuliwa, damu nyingi baada ya kujifungua, kifafa cha mimba, mimba iliyotunga nje ya mfuko, na nyingine kama hizo. Kila moja itazamwe mara kadhaa na walimu wasiopungua watatu, kwa fomu ya ukurasa mmoja, ikiwa na mstari wa sista wa zamu. Saini bila tarehe, saa na sentensi moja ya kilichoonekana isihesabiwe. Kamati ya idara ikae kila baada ya miezi sita, na residenti aambiwe matokeo ana kwa ana, faraghani, akiwa na haki ya kukata rufaa. Muda wa kutazama uingie kwenye mzigo wa kazi wa mhadhiri na uhesabiwe anapoomba kupandishwa cheo, kama tunavyohesabu makala zake kwenye majarida. Leo bingwa anayekesha thieta akimfunda mtu anapitwa na anayekesha akiandika.

Na mikataba ya ufadhili, ya wizara na ya waajiri, iandikwe upya ili iwe na miezi sita ya akiba iliyolipiwa tangu mwanzo, kwa yeyote ambaye kamati itasema bado. Gharama ya miezi hiyo ikiwa inamwangukia residenti mfukoni, hakuna kamati itakayopata moyo wa kuiomba.